Chola Mwaba, Mwenye Baba Yake Alimuitaka Nkambo

Mukaribie, bandugu, mukaribie bote. Bale beko inje ku mvua, muingie chini ya hii bâche ya turubai, mufinyane kidogo, nafasi itapatikana, banamama ya ku jikoni muache masufuria, bugali haitakimbia, na weye mwenye telefone inaimba mu mufuko, uizime, juu mwenye tunataka kusema habari yake alikuwa muntu ya sauti, na sauti inaomba kimya mbele ya kutoka. Tangu juzi kuna bengine balikuya kutuomba, na heshima yote, turuke pahali fulani mu historia hii, tuseme tu shule, kazi na kanisa, tufike haraka ku makaburi. Tunabajibu hapa mbele ya bote: hatutaruka kitu.

Marehemu Chola Mwaba alizaliwa siku ya kwanza ya juma, tarehe 14 mwezi wa tatu 1988, mu maternité ya Katuba, hapa Lubumbashi, mutoto ya kwanza ya baba Clément Mwaba, fundi ya chuma ku chemin de fer, ya gari ya moshi, na ya mama Bwalya Joséphine, na mbele hata kitovu ianguke, nkambo yake Mado, mama ya Clément, alimubeba, akamugeuza huku na huku kama vile banachagua muhogo ku soko, akasema: "Huyu ni mama yangu. Muangalie masikio." Mama ya nkambo Mado aliitwa Chola, alikufa miezi nane mbele ya ile siku, na mutoto akapewa jina yake, na kwetu mwenye kupewa jina ya mufu anapewa na nafasi yake, njo tunaita kupyana, haiulizwe kama ni mwanaume ao mwanamuke. Njo sababu mutoto mwanaume ya siku tatu alianza kuitwa mama na nkambo yake, na Clément mwenyewe, muzee ya kanisa, muntu mwenye hachekake ovyo, kila asubuhi alikuwa anatosha kofia mbele ya mutoto yake na kumusalimia, "Nkambo, umeamuka?", na hakuna hata muntu moja mu avenue alisimama kuuliza ni namna gani. Tunaomba mushike ile neno, tutairudilia.

Masomo ya primaire aliifanya tangu 1994 mupaka 2000, na siku ya kwanza batoto benzake balimuchekelea, "Weye mwanamuke, nkambo yako anakuita mama!", na yeye, mwenye miaka sita, akabajibu: "Ndiyo, na kama munanisumbua nitabazaa tena bote, mukuwe bajinga mara mbili." Tarehe 3 mwezi wa nane 2001 mama yake Bwalya alifariki, na nkambo Mado akamuchukua, yeye na dada yake mudogo Claudine, kubaleta hapa mu parcelle yake ya Annexe, pembeni ya muji, pahali alikuwa analima mahindi na lengalenga, na hapa njo Chola alimaliza humanités, masomo ya secondaire, akapata diplôme mwaka wa 2007. Balimu yake banakumbuka sana namna alikuwa anaigiza bantu, hata siku moja préfet, mukubwa ya shule, alipita inje ya darasa, akasikia sauti yake mwenyewe inagombeza batoto mule ndani, akaingia na hasira, akamupatia Chola siku mbili ya kufyeka nyasi, na ku siku ya pili préfet akasimama pa dirisha, akaangalia kama hakuna muntu, akamuambia: "Rudilia tena ile pahali ninakohoa."

Mwaka wa 2008 aliingia université kule Kasapa, mu Lettres, akasoma miaka mbili, akaacha mwaka wa 2010 juu baba Clément alivunjika muguu ku kazi, akaletwa kuikala hapa kwa mama yake, na muntu moja mu nyumba alipaswa kutoka kila asubuhi. Masomo aliiacha, lakini kundi ya théâtre, ya kuigiza, ya bastudents hakuiacha, alikuwa anaenda kule Kasapa kila siku ya posho, ile ya sita, na viatu mu mukono kama matope iko mingi.

Kazi yake ilikuwa kuuzisha bikwembe mu magazini moja ya Bahindi, kule mu ville, katikati ya muji, tangu tarehe 1 mwezi wa tatu 2010 mupaka ugonjwa, na ku ile kazi njo alikutana na mama ya patron, Mama Kokila, muzee mwenye iko naikala Lubumbashi tangu zaidi ya miaka makumi tano, mwenye kuongea Kiswahili kutupita siye bengine, na leo iko hapa, mu mustari ya pili, tunamusalimia. Pa ukuta ya magazini kulikuwa calendrier ya kutoka India, na picha ya Mungu mwenye upande moja iko na majivu na nyoka ku shingo, upande ingine iko na hereni na titi ya mwanamuke. Chola alimuuliza: "Mama, huyu ni muntu moja ao babili?" "Moja." "Na upande huu?" "Mwanaume." "Na upande huu?" "Mwanamuke. Moja, nimekuambia. Weye unapima nguo mita kwa mita kutwa muzima, hauwezi kuhesabu moja?"

Tangu ile siku, kati ya mununuzi moja na mwengine, Mama Kokila alikuwa anamuelezea bintu ya bazee ya kwabo, na ile yenye ilimushika Chola kabisa ilikuwa ya binti ya mufalme, jina yake Amba. Ile siku Amba alipaswa kujichagulia bwana, muzee moja ya vita, mwenye nguvu kupita bote, akamubeba na mabavu juu ya kumuoza ku ndugu yake. Amba akasema, moyo yangu iko kwa mwengine. Balimuachilia, akaenda kwa ule mwengine, ule akamukataa, ati umeguswa, akarudia kwa muzee ya vita, naye akamukataa. Sasa aende wapi? Akaapa atamuangusha ule muzee, akaingia mu moto, akakufa, akazaliwa tena mutoto mwanamuke mu nyumba ya mufalme mwengine, na banamulea kama mwanaume, jina Shikhandi. Balimuoza hata bibi, bibi akajua, aibu ikakuwa kubwa, Shikhandi akakimbia mu pori akufe, na kule pori mupepo moja, mwanaume, akamuhurumia, akamuambia: uchukue mwili yangu, niachie yako, utanirudishia siku utakufa. Njo alirudia mwanaume, akasimama ku vita mbele ya ule muzee, na muzee alipomuangalia macho akamutambua Amba, akashusha upinde yake, na mishale ya bengine, yenye kutoka nyuma ya Shikhandi, ikamuangusha.

Nkambo Mado alisikia hii yote kwa kinywa ya Chola, akiwa anachambua lengalenga, akaacha kuchambua, akasema: "Lakini ni kupyana hii. Alikufa, akarudia mu jina ingine. Kumbe Bahindi nabo banajua kupyana?" Na Chola akacheka mupaka akaikala chini, akamuambia: "Nkambo, weye umeelewa mu dakika moja, ba-camarade yangu ya Kasapa bananiomba bitabu tatu."

Tarehe 12 mwezi wa saba 2014 alifunga ndoa na Nono Kapinga, binti ya bachuuzi ya kutoka Kasai, na siku ya mahari ba-oncle ya Nono balicheka sana, bakasema, tunapatia binti yetu ku mwanaume mwenye nkambo yake anamuita mama, sasa tuombe mahari ao tulipe? Bwana na bibi balizaa batoto babili, banamuke, Mapalo mwaka wa 2015 na Abigaël mwaka wa 2018.

Mu ile miaka njo aliandika mucheza yake ya théâtre, akaiita Mwili ya Kuazima. Yeye alicheza Amba, tena Shikhandi, na rafiki yake Bijou, mwenye kufanya naye théâtre tangu Kasapa, alicheza mupepo ya pori, na pale katikati babili banasimama mbele ya bantu, banabadilishana nguo, Chola anatosha kikwembe, Bijou anatosha koti na suruali. Siku moja muntu alimuuliza na dharau kama yeye mwenyewe iko mwanaume ao mwanamuke, akamujibu: "Uulize nkambo yangu, yeye njo anajua mama yake." Lakini ku bibi yake Nono alisema neno ingine, na Nono ametuomba tuiseme: "Pale tunabadilishana nguo, kuna dakika moja sina nguo ya muntu yeyote, niko tu. Ile dakika ni yangu."

Kikwembe yenye alivaa ilikuwa ya nkambo Chola mwenyewe, ule alimuachia jina, kikwembe ya rangi ya udongo na ndege nyeusi, ilikuwa mu malle, sanduku ya Clément, tangu kilio ya 1987, na nkambo Mado njo alichukua ufunguo, akaitosha, akasema, "Vaa, mama, ni yako", akamufunza hata namna ya kutembea ya mama yake, kiuno ku kushoto, mukono moja ku mugongo. Hakumuuliza Clément. Leo nkambo Mado anajilaumu, na sisi tunaiandika juu yeye mwenyewe alisema iandikwe.

Bantu ya Kasapa balipiga mikono sana, tarehe 8 mwezi wa sita 2019, mu ville nako balipiga mikono, lakini Chola hakukuwa anatafuta mikono ya bageni. Alitaka kintu moja tu mu dunia: kucheza mucheza yake hapa Annexe, mbele ya bantu yake, na baba yake Clément aikale ku mustari ya kwanza, aangalie mupaka mwisho. Siku ya Mungu, tarehe 18 mwezi wa nane 2019, ile kintu ilikuwa sawa inatimia, salle ya kanisa ilijaa, Clément aliikala mbele na fimbo yake, Chola akatoka na kikwembe ya nkambo, kiuno ku kushoto, mukono ku mugongo, na hata hakumaliza hatua tatu, Clément akasimama, akapiga kelele na sauti ya kutetemeka: "Vua ile kikwembe! Vua!", akatoka. Pasteur akaona naye anaweza kupata nguvu, akasimama ku kiti, akasema haya ni mashetani ya Bahindi na aibu ya mwanaume kuvaa bintu ya banamuke, akazima mwangaza, bantu bakatoka na kusukumana, na Chola akabakia mu giza na kikwembe yake.

Tangu ile siku Clément hakumuita tena nkambo. Alimuita Monsieur. "Monsieur, unipatie chumvi." "Monsieur, mulango iko wazi." Na Chola naye hakuuliza. Mwaka wa 2021 aliomba uwanja ya shule, chef d'avenue, mukubwa ya barabara yetu, akakubali, pasteur akasema mu mahubiri mwenye kwenda asirudie, na kulikuya bantu tisa na mbuzi moja. Mwaka wa 2023 alipanga tena, hapa mu parcelle, tarehe 16 mwezi wa tisa, biti ya kuikalia ilikodiwa tayari, na ile posho yenyewe akaanguka.

Ugonjwa ilikuwa ya mafigo. Tangu ule mwezi wa tisa 2023 alikuwa anafungwa ku mashini ya kusafisha damu mara mbili ku juma, na mwenye kumupeleka alikuwa nani? Clément, na ile muguu yake, kila siku ya kwanza na kila siku ya ine, babili mu taxi moja, babili mu couloir moja, baba anashika saa mu mukono juu mashini isimuumize hata dakika moja ya zaidi, na neno hakuna. "Monsieur, ulikunywa dawa?" "Ndiyo, baba." Basi, ile tu. Miaka tano na nusu bantu babili banakula mu sahani moja, na hakuna mwenye alifungua kinywa aseme, neno yako iliniumiza hapa.

Mu mwezi wa kwanza ya mwaka huu, Chola aliambia dada yake Claudine, pa kitanda: "Baba ananionea haya. Nitakufa na yeye ananionea haya." Alifariki siku ya pili ya juma, tarehe 11 mwezi wa pili 2025, saa ine ya asubuhi, na miaka makumi tatu na sita, Nono alikuwa anamushika mukono, Clément alikuwa ku mulango na saa yake.

Kesho yake, siku ya tatu, familia ilikutana hapa juu ya kuchagua nguo ya mufu, na Claudine, na machozi, akatupa ile neno ya haya mbele ya baba yake. Clément akamuangalia sawa muntu mwenye amepigwa. Akasema: "Haya gani? Nilimuitaka nkambo miaka makumi tatu na moja, mbele ya kanisa yote. Haya ingetoka wapi?" Nono akamuuliza: "Sasa ile kikwembe, baba?" Naye akajibu: "Ile kikwembe ni ya mufu, na ile kutembea ni ya mufu. Bajikulu, batoto ya batoto, njo banavaa nguo ya mufu na kuigiza namna alikuwa anatembea, siku ya kilio, juu kilio imekwisha kufika, hakuna kintu ingine ya kuita. Yeye aliigiza pasipo kilio. Niliogopa kilio yenye aliita itakuya kutafuta mufu yake. Niliogopa, Nono. Sikukuwa na haya."

Nono akasema: "Na haukumuambia hata siku moja?"

"Yeye ni nkambo. Nani anafunzaka nkambo yake desturi?"

Nkambo Mado akapiga kiganja chini, mara tatu, na maneno alisema ku Clément hatutaisoma hapa juu batoto beko nasikia, lakini mwisho yake ilikuwa hivi: "Weye ulifikiri anajua juu iko na jina ya mama yangu! Jina haifunze muntu! Alikuwa mutoto yako, mujinga weye, ungemufunza!" Na kiisha akalia, juu yeye naye alijua ile desturi, naye alifikiri salle si kilio, binti ya mufalme si mama yake, akanyamaza, na sisi bote tulikuwa mule mu salle, tulijua desturi, tukafikiri kama pasteur, ati ni haya.

Kwa hiyo, bandugu, musikilize muzuri. Leo siku ya tano, tarehe 14 mwezi wa pili, kilio iko. Leo bajikulu beko na haki yao, na hakuna muzee, hakuna pasteur, hakuna chef d'avenue mwenye anaweza kubakataza kuvaa nguo ya mufu na kumuigiza. Tukitoka ku makaburi, saa tisa, chini ya hii bâche, Bijou na kundi yao, banaingia leo mu hesabu ya bajikulu, bataigiza Chola Mwaba, na juu Chola alikuwa anaigiza Amba, bataigiza na Amba, na Shikhandi, na mupepo, mupaka mwisho. Ilipaswa akufe juu acheze kwake.

Tunashukuru banganga na ba-infirmière ya mashini ya damu, mwenye kubaki hata saa yao ya kurudia nyumbani ilipita, tunashukuru majirani ya avenue juu ya biti, maji na makala ya kupikia, tunashukuru benzake ya magazini, na Mama Kokila, mwenye alituma kitambaa nyeupe ya kumufunika, juu kwabo nyeupe njo rangi ya kilio, tunashukuru bale bantu tisa ya 2021. Bale balizima mwangaza tunabasamehe. Kubashukuru, hapana.

Chola, mama yetu, ule mwili uliazima umeurudisha, haudaiwe kintu, ulale na utulivu.

Bintu yake imegawanywa hivi. Daftari ya mucheza ni ya Bijou, na asiifunge mu malle. Mita ya mbao yenye alipimia bikwembe ni ya Mapalo. Picha ya calendrier, ya ule Mungu mwenye iko moja, ni ya Abigaël, Mama Kokila mwenyewe aliileta. Radio ni ya Claudine. Jina na nafasi inapyanwa na Plamedie, binti ya Claudine, mwenye miaka tisa, tangu leo yeye ni Chola, Mapalo na Abigaël batamuita baba, na Nono amekwisha kuanza kumuita bwana yangu na kumuuliza kama amekula. Kikwembe ya ndege nyeusi ni ya Clément, na munaona iko nayo pa magoti, aliipiga pasi ya makala yeye mwenyewe, atamupatia Bijou saa tisa na mikono yake, na aliomba kiti ku mustari ya kwanza.

Na leo asubuhi, mbele mvua ianze, Plamedie alitoka ku mulango, macho ingali na usingizi, Clément akatosha kofia mbele yake, akamuuliza: "Nkambo, umeamuka?" Na ule mutoto, mwenye hakuna muntu alimufunza, akamujibu: "Nimeamuka, Clément. Leta kiti."